Pacha wa Karatasi

Juzi nilikuwa nikitoa ukoko wa chokaa kwenye birika kwa siki, kazi ambayo huiahirisha mpaka chai ianze kuwa na vipande. Mvuke uliponipiga puani nikasimama tu jikoni, kitambaa mkononi, sifanyi kitu. Siki ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu. Baba za watu wengine walinuka dizeli, sigara au sabuni ya kipande. Wangu alinuka siki, kwa sababu beseni la pili katika chumba chake cha giza lilikuwa na dawa ya kuituliza picha baada ya kutoka, na dawa ile ni ndugu wa siki wa tumbo moja. Hata Ijumaa, akiwa ameoga na kuvaa kanzu safi, ukimkaribia ungedhani amepita kwa muuza achari.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka studio za namna ile. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti kimoja cha kifahari, maua ya plastiki, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Ya baba ilikuwa Ruiru, nyuma ya soko, kati ya bucha na duka la mbegu, nasi tuliishi katika vyumba viwili vya nyuma. Kwao baba ni Majengo ya Thika, Waislamu tangu enzi za babu. Mama alizaliwa Murera, akasilimu alipoolewa, ila alipokasirika alirudi kwenye Kikuyu bila kuaga. Niliwahi kuuliza kwa nini sisi tunaishi Ruiru na hali ndugu wote wa baba wako Thika. Nikaambiwa Ruiru kuna kazi. Jibu lilinitosha. Nilikuwa mtoto wa pekee, sina wa kugombania naye mfupa wenye uboho, na sikuona sababu ya kuchokonoa mambo.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kukauka. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamefungua studio ya rangi, picha unaichukua siku hiyo hiyo, na shati jekundu linatoka jekundu. Baba akabaki na watu wa kitambulisho, na wazee wachache waliodai kwamba rangi inawazeesha. Alibaki pia na masanduku ya karatasi za nyeusi na nyeupe ambazo zilikuwa zimekaribia kuharibika. Mtu mwingine angezichoma pamoja na takataka za soko. Baba akaanza kuzichezea.

Nasema kuchezea kwa sababu ndivyo mama alivyosema. Leo najua kuna watu wanasomea mambo yale vyuoni na kuyapa majina marefu. Siku ya kwanza alinichukua ndani ya chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akatandaza karatasi moja mezani, na juu yake akaweka kitambaa cha kochi, kile cha uzi mweupe alichokishona mama kwa krosheti. Akawasha taa nyeupe, nikahesabu mpaka nne, akazima. Karatasi ikaingia kwenye dawa. Ilikaa tupu kwa muda, halafu ikaanza kuwa nyeusi kutoka pembeni, na kitambaa cha mama kikabaki katikati, cheupe, kila tundu mahali pake.

"Lakini hujatumia kamera," nilisema.

"Kamera ya nini? Mwanga ndio unapiga picha. Kamera ni sanduku tu ya kuuchunga."

Kesho yake mama alinusa kitambaa chake, akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Hii kitu inanuka achari. Na nyinyi wawili pia mnanuka hivyo hivyo. Mtu akitaka kuwaibia atawapata kwa pua."

Tulifuata majani ya kahawa, manyoya ya kuku, miwani ya baba mwenyewe, na siku moja mkono wangu, niliouweka juu ya karatasi bila kutikisika. Baba alipaka mafuta ya mgando kwenye kipande cha kioo, akakishika mbele ya lenzi, na mlango wa bucha ukatoka umeyeyuka. Alikwenda kwenye mashamba ya kahawa akapiga picha huku akiizungusha kamera kwa makusudi, akarudi na mistari mitupu, kama mtu amepangusa picha kwa kiganja kabla haijakauka. Zile alizozipenda zaidi alizitundika kwenye chumba cha mbele. Mzee Kamau, mwenye bucha, alikuwa akija kila asubuhi na kikombe chake cha chai kuzikagua.

"Hii ni X-ray ya nani?" aliuliza mbele ya jani la kahawa.

"Ni jani, Mzee."

"Basi hilo jani ni mgonjwa. Mpeleke hosi."

Mchezo mmoja tu ndio wateja waliupenda, nao ni picha ya pacha. Baba alikata kifuniko cha kadibodi cha kuvika kwenye lenzi, akakitoboa nusu. Unakaa kiti cha kushoto, anapiga. Halafu bila kusogeza filamu anakigeuza kifuniko, nawe unahamia kiti cha kulia na kuweka pozi jingine, anapiga tena. Picha ikitoka uko wawili, unajimiminia chai au unajisalimia. Mzee Kamau alipigwa akijiuzia nyama. Mwenye bucha alikuwa na uso wa upole na mnunuzi alikuwa na uso wa shaka, na watu wakasema hatimaye Kamau ameonja mizani yake mwenyewe. Aliitundika picha ile buchani, juu ya mbuzi waliochinjwa.

Picha za namna hii zilikuwa na kanuni moja, nami niliishika kuliko nilivyoishika meza ya kuzidisha. Pacha wa karatasi hawagusani. Pale katikati ambapo nusu mbili zinakutana pana mstari, mwembamba, wakati mwingine mweupe kidogo na wakati mwingine mweusi kidogo, na kitu chochote kinachovuka mstari huo kinakatika. Baba alinifundisha kuutafuta. Nilikuwa naikodolea macho picha, naanzia juu kwenye pazia nashuka mpaka sakafuni, na sikuwahi kuukosa. Mtu akileta picha yoyote yenye watu wawili wanaofanana, hata ndugu wa kweli, mimi nilikuwa natafuta mstari kwanza.

Ubingwa ule ulinitia kiburi. Nilikuwa darasa la nne na kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani ni kuosha picha peke yangu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na baba aseme mbele ya watu kwamba hii ni kazi ya binti yangu. Nilimwomba mpaka akachoka. "Ukifika la saba," alikuwa akijibu. La saba nililiona mbali kama Mombasa.

Idd ilipokaribia, shule zikiwa zimefungwa, baba alikwenda Nairobi kutafuta dawa na mama akaenda Murera kumwona mama yake. Niliachwa dukani, Mzee Kamau akiombwa anitupie jicho. Nilipaswa kuwaambia wateja warudi jioni. Badala yake nilipanda juu ya kiti cha kifahari nikashusha lile bati la biskuti ambamo baba alikuwa akiweka negativu, vipande vya filamu alivyovitenga. Nilikuwa na mpango. Ningetafuta picha nzuri ya pacha, niioshe kubwa, niiweke kwenye kioo cha mbele, na wateja wa Idd wamiminike. Baba angerudi akute foleni.

Chini kabisa kulikuwa na bahasha isiyo na jina. Niliitoa negativu iliyokuwemo nikaielekeza dirishani. Kwa aliyezoea, negativu inasomeka kama gazeti, unageuza tu nywele nyeupe kuwa nyeusi. Kulikuwa na watoto wachanga wawili wa kike juu ya mkeka mmoja, mbele ya pazia letu la maporomoko. Gauni lilikuwa moja na sura moja. Mmoja alikuwa anacheka na mwingine ameangalia kamera kwa makini, kama anayepimwa viatu. Sura ile niliijua. Nilikuwa na picha yangu ukutani, ya miaka miwili hivi, na paji la uso lilikuwa lile lile.

Nilifurahi kwa jinsi nisivyoweza kueleza. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa pacha wa kwanza wa karatasi. Baba alikuwa ameanza michezo hii nami kabla sijajua hata kutembea. Niliutafuta mstari na nikauona palepale, umeshuka katikati ya maporomoko. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Yule anayecheka alikuwa ameweka mkono juu ya goti la mwenzake. Nilifikiri kidogo, nikapata jibu. Baba alikuwa amefaulu kuivunja kanuni yake mwenyewe, na ndiyo sababu akaificha negativu chini ya bati. Fundi hatoi siri zake zote.

Niliharibu karatasi tatu. Ya kwanza ikawa nyeusi tii, ya pili nikaisahau kwenye dawa, ya tatu nikaigusa kwa kidole chenye maji. Ya nne niliiwekea taa nikahesabu taratibu, nikaishusha kwenye beseni, nikayatikisa maji polepole kama nilivyofundishwa. Macho yalitoka kwanza, jozi mbili. Halafu midomo, halafu lile gauni lenye vifundo begani. Niliipitisha kwenye siki, nikaipitisha kwenye dawa ya mwisho, nikaisuuza kwa muda mrefu na kuianika kwa vibanio vya nguo. Ilikuwa safi, bila doa. Nikaibandika kwenye kioo cha mbele, na chini yake nikaandika kwa kalamu nene: PIGA PICHA YA PACHA IDD HII.

Watu walisimama. Wanawake waliotoka sokoni na vikapu walisimama, na fundi wa baiskeli aliacha gurudumu akaja. Kila aliyeuliza nilimjibu vilevile: "Ni mimi mara mbili. Huyo mwingine hayuko, ni kadibodi tu." Mzee Kamau aliangalia kwa muda mrefu, aproni yake ikiwa na damu.

"Na ile laini iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka uso karibu na kioo.

"Aisee. Babako ni mchawi."

"Si baba. Nimeiosha mimi."

Mama alitokea saa saba hivi, na kiondo cha ndizi. Ni lazima niseme kwamba cucu wa Murera, mama yake, alikuwa na tabia moja. Kila alichonipa alinipa viwili. Ukiwa ni muwa ni vipande viwili, na ikiwa ni sweta aliyoifuma mwenyewe, ni sweta mbili za saizi moja. Nilidhani huo ni ukarimu tu wa watu wa Murera. Siku hiyo kama kawaida ndizi zangu zilikuwa mbili, zimefungwa kando kwenye gazeti, na mama alikuwa ameanza kuniita aninyooshee wakati alipoona kioo.

Hakupiga kelele. Aliweka kiondo chini.

"Nani ametoa hii?"

"Ni mimi, mama. Nimeiosha peke yangu. Ni pacha wa karatasi."

"Pacha wa nini?"

"Wa karatasi. Ni mimi mara mbili. Baba alifunika lenzi nusu, akanipiga, akanihamisha..."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Hakuna. Nimeona laini."

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha, kwa sauti ile ile niliyokuwa nimeitumia asubuhi nzima kwa wateja. Mama hakuangalia kidole changu kwa muda mrefu.

"Hiyo ni sindano yangu," alisema. "Kitambaa ya pazia haikutosha, nikaunganisha hapo katikati. Babako akachora maji juu. Na huu mkono? Huu mkono umetoka wapi?"

Nilianza kumweleza kwamba baba alikuwa amegundua njia ya kuvusha mkono. Nilifika katikati ya sentensi, nikakomea hapo. Nilikuwa najua, kuliko mtu yeyote aliyesimama pale, kwamba njia hiyo haipo.

"Mlikuwa wawili," mama alisema, kwa sauti ya kuniambia sufuria iko wapi.

Mzee Kamau alirudi ndani ya bucha yake, akaizima redio. Mama alibandua picha, akafunga mlango wa mbele mchana kweupe, akaniketisha juu ya mkeka. Aliniambia yote kwa muda mfupi, kama mtu anayetua mzigo aliokuwa ameupanga vizuri. Tulizaliwa Thika. Mimi nilipewa jina la mama yake baba na mwenzangu jina la cucu wa Murera, kama desturi ya kwao ilivyo, wa kwanza kwa upande wa mume na wa pili kwa upande wa mke. Tulipatwa na surua pamoja. Mimi nilipona. Yeye alizikwa Thika alasiri ile ile, hatujafikisha hata mwaka na nusu. Baada ya hapo kila mwanamke wa Majengo aliyemwona mama na mtoto mmoja mgongoni alimuuliza mwenzake yuko wapi, kwa wema tu, mpaka mama akamwambia baba kwamba ama wahame ama yeye arudi kwao. Ndivyo tulivyofika Ruiru. Baba alibomoa studio yake ya Thika akaja na pazia, kiti na masanduku.

"Ningekwambia," alisema. "Kila mwaka nasema nitakwambia."

Nilitazama zile ndizi mbili ndani ya gazeti na sikuweza kuzila. Sikulia, na naona aibu kusema kwamba kilichonijaa kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa aibu. Nilikuwa na dada, na asubuhi nzima nilikuwa nimewaambia watu wa soko kwamba ni kadibodi.

Baba alirudi alasiri akakuta mlango umefungwa. Mama alimfungulia, akamwambia neno moja, "Amejua," halafu akampa picha. Baba aliketi mkekani bila kuvua koti. Aliishika kwa pembe zake kama anavyoshika picha zote, akaisogeza kwenye mwanga, na jicho lake likaenda kwanza mahali linapokwenda jicho la fundi, kwenye nyeusi na kwenye nyeupe.

"Umeiosha vizuri," aliniambia. "Mimi mwenyewe nisingeiosha hivi."

Ndilo neno nililokuwa nimelingoja mwaka mzima. Lilipita kando yangu kama salamu ya mtu mwingine.

Tulikaa hivyo, watatu, picha ikiwa kwenye mkeka katikati yetu. Mama alieleza kwamba yeye ana nakala moja ndogo, ameiweka chini ya nguo kabatini. Baba alisema hakujua. Baba naye alisema huwa anaishusha ile negativu na kuielekeza dirishani, mama akienda Murera. Mama alisema hakujua. Walizungumza kwa adabu, kama wageni wawili waliogundua kwamba wametoka kijiji kimoja.

Kisha nikauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza. "Mimi ni yupi?"

Wote wawili walinyoosha kidole kwa wakati mmoja. Kidole cha mama kilitua kwa yule anayetazama kamera. Cha baba kilitua kwa yule anayecheka.

"Huyo ni marehemu," mama alisema. "Yeye ndiye alikuwa wa kucheka."

"Hapana," baba alisema polepole, akinielekezea mimi kidevu. "Huyu ndiye wa kucheka. Marehemu alikuwa mtulivu. Nilimkalisha mwenyewe."

"Nani aliwanyonyesha?"

"Nani aliwapiga picha?"

Hakuna aliyepandisha sauti. Mama aliinama akaangalia masikio, akaangalia vidole vya miguu. Walipokuwa hai wote wawili aliwatambua hata gizani, alisema, kwa namna ya kulia tu. Lakini picha haina sauti. Baba alikwenda kuleta kioo cha kukuzia, akakiweka juu ya uso mmoja, akakihamishia juu ya mwingine, akakirudisha. Mwishowe akakiweka chini. Walitazamana.

Mimi nilikuwa katikati yao. Karibu miaka tisa kila mmoja alikuwa na saa yake ya siri, mwenzake asipokuwepo, ya kuitoa picha na kumlilia mtoto wake. Wala hawakuwa wakimlilia mtoto mmoja. Mmoja wao, na mpaka leo sijui ni yupi, miaka yote ile alikuwa akinililia mimi.